Sura ya Sita: Taa ya Bi Pindo Yainama

Saa saba mchana manyunyu yalikuwa yameanza, yale yasiyoamua kama yananyesha au yanatania tu, na kituo kizima kilikuwa kinasinzia. Askari wa zamu aliinua uso kutoka kwenye daftari la matukio akiwa na alama ya kalamu shavuni, akampa Mkaguzi ufunguo bila kuuliza, kisha akarudi alikotoka.

Mkaguzi wa mioto alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa amenusa majengo yaliyoungua kwa miaka ishirini na miwili. Popote alipoingia aliugusa ukuta kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa. Wenzake walimcheka kwa hilo, na kila mwaka walimwita awagusie ukuta fulani.

Mtu aliyekuwa ndani alisimama. Alikuwa fundi wa kompyuta, umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, na mjini wote walimwita Nyuzi, kwa kuwa kila waya alioshika aliufunga kipande cha uzi wa rangi. Hata humo mahabusu alikuwa amechomoa uzi kwenye pindo la shati lake na anauviringisha kidoleni.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Tazama hizi picha, zimefika asubuhi hii."

Jana na juzi Nyuzi alikuwa amebisha mpaka sauti ikamkauka. Alisema kompyuta ile ya studio ya filamu, iliyoshika moto Jumatatu, aliiunda kwa mikono yake, hakukosea hata skrubu moja, waende wakaangalie nyuzi zake, nyekundu na kijani. Alijibiwa kwamba uzi ni pamba na pamba huungua. Sasa alizitazama picha za mabaki moja baada ya nyingine. Ya pili ilionyesha boksi la chuma lililokuwa chini ya mashine, lile linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, ambalo mafundi huliita pawa. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaifunika mezani.

"Hiyo ndiyo pawa uliyoweka?"

Nyuzi aliukaza uzi kidoleni.

"Nakuuliza wewe."

"Mchoraji mikono yake ni mizima?"

"Ni mizima. Aliyeungua ni kaka yake. Jibu swali."

"Leo ni Alhamisi, siyo?"

"Alhamisi. Na saa kumi jalada lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishavuka ile meza si langu tena. Uzembe ulioleta moto na kujeruhi mtu. Hapo tunazungumzia miaka, Nyuzi, siyo siku."

Nyuzi alihesabu kitu kwenye vidole, polepole, midomo ikicheza. "Haliwezi kwenda kesho?"

"Jalada si nguo, kwamba usipoianika leo utaianika kesho."

"Basi sina la kusema, mama. Samahani."

Mkaguzi alizikusanya picha zake. Katika miaka yote ile alikuwa amewaona watu wakinyamaza kwa woga na wengine kwa kiburi. Huyu alinyamaza kama mtu anayemlinda mtoto aliyelala chumba cha pili. Jambo hilo lilimkera, kwa sababu alipenda kesi ambazo watu husema.

*

Studio ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la ghorofa tatu, na ngazi zake zilikuwa na ule ukimya wa saa nane mchana, wakati hata nzi hutua wakatulia. Nusu ya chumba ilikuwa nyeupe na nusu nyeusi. Kwenye nusu nyeupe mwenye studio alikuwa amekaa akinywa chai kwa mrija, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo.

"Karibu, Mkaguzi. Ningekupa mkono, lakini ndiyo hivyo."

"Usijisumbue. Nieleze tena, taratibu, kama mtu asiyejua kitu."

"Tunatengeneza filamu za kuchora. Mdogo wangu anachora, mimi natafuta kazi na kuzipeleka. Mchoro ukiisha, kompyuta inakaa yenyewe inatengeneza picha moja moja, na mwanga wake na vivuli vyake. Sisi tunaita kuota. Ukiiacha inaota, unakwenda zako kulala, asubuhi unakuta ndoto imekamilika."

"Na hiyo kadi ya vichwa viwili ninayoisikia?"

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inaota. Kadi ya picha ya kawaida ina chipu moja. Hii ina mbili kwenye ubao mmoja. Ina kasi ya ajabu, lakini inakula umeme kama mgonjwa aliyepona." Akaonyesha kwa kiwiko karatasi iliyobandikwa ukutani, imekunjamana kwa joto lakini inasomeka.

Yalikuwa maandishi ya Nyuzi, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye maboksi. *Vichwa viwili vinakula wati mia tano peke yao. Mashine nzima ikiota, mia tisa. Pawa niliyoweka ni ya elfu moja na mia mbili. Msiipunguze. Mwenye vichwa viwili hashibi sahani moja.*

Mkaguzi alicheka kidogo, akapiga magoti mbele ya mabaki. Kadi ilikuwa imeyeyuka isitambulike, na boksi la pawa lilikuwa limebambuka rangi. Alitoa begini mizani ya kuning'iniza, akalitundika, akangoja mshale utulie. Kilo moja na robo. Pawa ya wati elfu moja na mia mbili haipungui kilo mbili na nusu, hata iungue vipi, kwa sababu chuma na shaba haviwi moshi. Akalowesha kidole mate, akasugua ubavuni palipokuwa na maandishi yaliyopigwa kwenye bati. Zikajitokeza tarakimu tatu: mia nne na hamsini.

"Umeona!" Mwenye studio alisimama. "Alituwekea pawa ya kitoto akaandika ya kikubwa. Na huyu mtu mama yangu alimlea, Mkaguzi! Aliletwa hapa hana mbele wala nyuma, akala sahani moja na sisi. Mama ndiye aliyemnunulia bisibisi ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno yalikaa vizuri, na ushahidi pia ulikaa vizuri. Mkaguzi alirudi akakaa juu ya visigino vyake, akaiangalia ile mizani. Vitu vinavyokaa vizuri namna hii kwa kawaida kuna mtu aliyevikalisha, au kuna swali ambalo halijaulizwa.

"Mashine iliota muda gani kabla ya moto?"

"Miezi miwili na nusu. Siku nyingine mchana na usiku."

"Bila tatizo?"

"Bila hata kukohoa. Jumatatu asubuhi nikaiwasha nianze tangazo la sabuni. Zikatoka cheche, halafu pazia likashika. Nililipiga kwa mikono, nisingelipiga jengo lote lingekwenda."

"Nani aliitumia mwisho kabla yako?"

"Mdogo wangu, Jumapili. Alikuwa na filamu ya mama." Sauti yake ilishuka. "Mama alitutoka miezi minne sasa. Mdogo wangu akasema atamrudisha kwa dakika tano, anatembea nyumbani kwake, basi. Nikamwachia mashine kila ilipokuwa haina kazi. Jumamosi akanionyesha mwisho. Mama anakwenda dirishani, anageuka. Nikamwambia, huyu mwanamke ni mzuri sana, lakini si mama. Mama alikuwa na kovu hapa, chini ya sikio, pasi ilimuunguza akiwa binti. Umemsafisha mpaka umempoteza."

"Akasemaje?"

"Akasema ataota upya sehemu ya mwisho. Nikamwambia hapana, kuanzia Jumatatu mashine ni ya sabuni. Nilikuwa mkali, najua." Akavuta chai kwenye mrija, ikawa imeisha, mrija ukalia. "Tangu moto anashinda kwa rafiki yake. Anasema hapa panamnukia moshi."

Mkaguzi aliandika saa kwenye kijitabu chake. Saa nane na dakika arobaini.

*

Ghorofa ya katikati mlango ulikuwa wazi, na ndani cherehani ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa mtu anayesimulia hadithi ndefu. Mshonaji alikuwa mwanamke mzee, miwani imefungwa kamba, pini tano mdomoni. Walimwita Bi Pindo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona pindo lake likifumuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapo, usikanyage kola." Alizitema pini kiganjani, akatazama juu. "Ngoja, itainama sasa hivi."

"Nani?"

"Taa."

Balbu ilikuwa moja tu, ya zamani, inayotoa mwanga wa manjano, imening'inia juu ya cherehani kwa waya wake. Mkaguzi aliitazama. Nje manyunyu yaliendelea kuteleza kwenye kioo. Kitambaa kilichokuwa mezani kilikuwa cheupe, kikawa rangi ya maziwa, kikawa rangi ya chai, na chumba kizima kikazama kidogo kama kinachopitiwa na usingizi. Haikuzimika, ila ilififia tu na kubaki hivyo.

"Hiyo," alisema Bi Pindo. "Tangu waliponunua lile jitu lao huko juu. Likianza kuota, taa yangu inaniamkia kama mkwe. Nimeshazoea. Nikitaka kutunga uzi sindanoni nangoja inyanyuke."

"Inachukua muda gani kunyanyuka?"

"Dakika ishirini hivi. Inanyanyuka kidogo, mtu unatunga uzi, inainama tena. Miezi miwili na nusu sasa."

"Mpaka Jumapili."

"Mpaka Jumapili nini? Mpaka sasa. Si umeiona mwenyewe?"

Mkaguzi aliitazama tena ile taa. Umeme wa studio alikuwa ameukata yeye mwenyewe Jumatatu saa sita, akapiga lakiri ya risasi kwenye swichi kuu, na dakika kumi zilizopita aliipita lakiri ile ikiwa nzima.

"Bibi, kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Waliokuja wote waliniuliza kama nilisikia harufu ya moshi. Nikasema ndiyo, nilisikia, nani asingesikia?" Bi Pindo akashusha sauti. "Halafu nilidhani ni maombolezo. Vitu navyo vina huzuni yake."

Mkaguzi aliburuta stuli akakaa chini ya ile taa iliyoinama, akatoa kijitabu, akaanza kusema kwa sauti, nusu kwa mzee na nusu kwa karatasi.

"Pawa iliyoungua ni ya mia nne na hamsini. Mashine ikiota inataka mia tisa. Pawa ndogo ingepewa kazi hiyo ingezima siku ya kwanza. Lakini taa yako imeinama miezi miwili na nusu."

"Imeinama vizuri."

"Basi pawa kubwa ilikuwepo. Nyuzi hakudanganya. Kuna mtu aliyeitoa na kuweka ndogo kabla ya Jumatatu asubuhi."

"Na hiyo kubwa iko wapi?"

"Ndiyo inayokuamkia, bibi."

Mzee aliitazama taa yake kwa macho mapya, akajifunga vizuri khanga kiunoni, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni amekuwa chumbani muda wote.

*

Mita za jengo zilikuwa tatu, zimepangwa chini ya ngazi ndani ya kabati lisilo na mlango. Ya juu ilikuwa imekufa. Ya katikati, ya Bi Pindo, ilikuwa na kitaa chekundu kilichopepesa mara moja, kikapumzika mpaka mtu akakisahau. Ya chini ilikuwa inapepesa bila kuchoka.

Mkaguzi alivua saa ya mkononi akaishika karibu na macho. Kwenye uso wa mita palikuwa pameandikwa kwamba mipepeso elfu moja ni uniti moja, yaani wati elfu moja kwa saa nzima. Akahesabu dakika nzima. Kumi na tano. Akahesabu tena asije akawa amejidanganya, ikawa kumi na tano. Kwa saa ni mia tisa, na mia tisa katika elfu moja ni wati mia tisa.

Friji haili hivyo, wala feni. Pasi inakula zaidi, lakini pasi hupumzika kila ikipata moto. Hii haikupumzika. Ilikwenda dakika tano, saba, tisa, mwendo ule ule wa mtu aliyelala fofofo, na Mkaguzi aliyesimama chini ya ngazi na manyunyu yakisikika kwa mbali nusura afumbe macho naye.

"Hii ni ya chumba gani?" aliuliza juu ngazini, maana alikuwa amesikia kandambili za Bi Pindo zikimfuata.

"Ya nyuma. Chumba cha marehemu, mama yao. Kimefungwa tangu tumzike. Mdogo mtu, yule mchoraji, anaiwekea umeme hata sasa, anasema hana moyo wa kuuacha ukatike."

Ilikuwa saa tisa na dakika nane. Mkaguzi alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, akaweka mgongo wa mkono kwenye ukuta kando ya mlango. Akauondoa haraka. Ukuta ulikuwa na homa.

Aligonga. "Mchoraji, fungua. Mimi ni Mkaguzi wa mioto."

Ndani palikuwa na mvumo wa feni, laini, mfululizo. Halafu komeo likavutwa.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na wino vidoleni na macho ya mtu aliyelala kwa vipande. Nyuma yake mapazia yalikuwa yamefungwa na hewa ilikuwa ya joto kama pumzi. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na katikati ya shuka, bila kifuniko, ilikaa mashine. Kadi ndefu ilikuwa wazi, na kutoka kwenye pawa kubwa ziliiendea nyaya mbili, moja ina uzi mwekundu na nyingine wa kijani.

Kwenye skrini alikuwepo mwanamke amesimama dirishani, amewapa mgongo. Mwanga wa jua ulikuwa umemwangukia begani. Alikuwa karibu kugeuka.

"Nilikuwa nije mwenyewe," alisema mchoraji. "Leo jioni, ikiisha. Naapa."

"Jumapili uliitoa kadi na pawa yake."

"Na nyaya zake. Nikaweka kadi yetu ya zamani na pawa ya zamani, ili Kaka aendelee na sabuni yake. Ingekuwa polepole tu, siku nne hizi. Nilijua hawezi kufungua kuangalia."

"Waya wa ile pawa ya zamani uliutoa wapi?"

"Kwenye boksi la nyaya. Wake sikuuona. Nikapata mwingine unaofanana, hauna uzi, ukaingia vizuri."

"Uliingia," alisema Mkaguzi. "Zote zinaingia. Lakini kila aina ya pawa imepanga nyaya zake kwa ndani kivyake. Penye umeme kwa hii, pana njia ya kurudi kwa ile. Ndiyo maana Nyuzi anafunga nyuzi, waya usije ukahama nyumba."

Mchoraji aliziangalia zile nyuzi mbili. "Miaka yote," alisema, "nilidhani ni urembo."

Akakaa chini sakafuni. Alilia bila kelele, kwa uchovu zaidi kuliko woga, na Mkaguzi alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

"Kaka yako anakunywa chai kwa mrija. Na Nyuzi yuko ndani siku ya nne. Leo ameona picha, akaitambua pawa yenu ya zamani, akajua ni wewe, akafunga mdomo. Aliniuliza kama mikono yako ni mizima. Akahesabu siku kwenye vidole. Unajua alikuwa anahesabu nini?"

"Picha." Mchoraji alijifuta uso kwa kiganja chenye wino. "Anajua kila picha ni dakika ishirini. Amejua nitaisha leo jioni."

"Jalada linaondoka saa kumi."

"Saa kumi? Mimi niliambiwa wiki ijayo!" Alikuwa amesimama tayari. "Nichukue. Nichukue sasa hivi, twende."

Mkaguzi alikuwa ameshatoa simu.

"Afande wa majalada? Mkaguzi hapa. Jalada la Nyuzi usilipeleke. Ndiyo, nasema lisimame. Nimeipata pawa, nimeipata kadi, na nimempata aliyezihamisha, amekiri. Mwandikie mtu wako dhamana, karatasi nitaleta mwenyewe. Kabla hujakata, nipe huyo Nyuzi."

Ilichukua muda. Nyuma ya simu zilisikika funguo, viti, mtu akipiga mwayo. Kisha sauti nyembamba ikasema, "Zimebaki picha ngapi?"

"Hata salamu hakuna?" Mkaguzi alimgeukia mchoraji, naye akaonyesha vidole. "Tisa."

"Na ukuta?"

Hilo hakulitegemea. Aligusa tena, sasa kwa ndani, juu ya soketi. Plagi ilikuwa imeanza kuwa kahawia pembeni, na harufu yake aliijua kuliko marashi yake mwenyewe. "Una moto. Nazima, Nyuzi. Hapa juu kuna mzee anashona."

"Zima, mama, una haki. Ila sikiliza kwanza. Ekstensheni imekunjwa?"

Mkaguzi aliinama. Chini ya kitanda ekstensheni ilikuwa bado imeviringishwa ilivyotoka dukani, duara juu ya duara, na duara la katikati lilikuwa laini kama mshumaa. Akalaani kimoyomoyo, akaanza kuikunjua, akiitandaza sakafuni mpaka mlangoni.

"Imekunjuliwa."

"Vizuri. Sasa ile kadi ina vichwa viwili. Si lazima viote vyote. Mwambie asubiri picha iliyopo iishe, akikatisha katikati inaharibika. Ikiisha tu, alaze chipu moja. Anajua pa kubonyeza, nilimwonyesha. Itakula nusu. Itakwenda polepole, dakika arobaini picha moja, lakini ukuta utapoa. Usipopoa kwa dakika kumi, zima."

"Imebaki muda gani hii?" Mkaguzi aliuliza.

"Dakika tatu," alisema mchoraji.

Sheria ilikuwa wazi: soketi yenye moto huzimwa papo hapo. Mkaguzi alikuwa amewafundisha wengine sheria hiyo kwa miaka mingi na kwa ukali. Aliweka mgongo wa mkono ukutani akauacha pale, na mkono wa pili akaushika waya wa plagi, tayari kuchomoa.

"Mwendesha mashtaka atataka kuona kielelezo kikifanya kazi," alisema, bila kumwangalia mtu. "Nasubiri kwa ajili ya kielelezo. Bi Pindo, najua uko mlangoni. Kamwite kaka mtu."

Kandambili zilipanda ngazi. Feni zilivuma. Picha kwenye skrini ilikuwa inajijaza kutoka juu kwenda chini, kiraka kwa kiraka, kama mtu anayeota na kukumbuka kwa pamoja.

"Vaa viatu," Mkaguzi alimwambia mchoraji. "Ukishalaza hicho kichwa kimoja, tunakwenda mimi na wewe. Hutasubiri mwisho."

"Sawa."

"Ni muda wa saa sita zaidi. Sitaweza kukupa."

"Nimesema sawa, Mkaguzi."

Kaka mtu alifika akiwa na bandeji zake mbili mbele kama mtu aliyebeba sinia. Aliiona mashine, akaziona nyuzi, nyekundu na kijani. Akamwona mdogo wake akifunga kamba za viatu. Mtu mzima huyo alielewa yote bila kuambiwa, na uso wake ukabadilika mara tatu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Kaka."

"Nyuzi nimemtukana mbele ya watu. Nimemwita mwizi wa sahani ya mama."

"Najua. Nisamehe. Na hiyo mikono pia."

Kaka aliiinua mikono yake kidogo, akaishusha. Mashine ikatoa mlio mdogo. Mchoraji alinyoosha mkono, akabonyeza mara mbili, na mvumo wa feni ukashuka mpaka ukawa wa chumba kingine. Ghorofani kwa Bi Pindo, alivyosimulia baadaye, taa ilisimama wima hata akaogopa. Mkaguzi alihesabu dakika kumi kwa saa yake, mkono ukutani. Joto lilirudi nyuma polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

"Twende," alisema.

Mchoraji alitangulia. Hakugeuka kuiangalia skrini. Walikuwa wamefika katikati ya ukumbi, karibu na mita, ambapo kitaa cha chini sasa kilipepesa kwa utulivu, sauti ilipowafuata kutoka chumbani.

"Mdogo wangu!"

Alisimama.

"Kovu umeliweka."

"Si ulisema chini ya sikio?"

"Ni hapo hapo." Kiti kiliburutwa sakafuni. "Ni hapo hapo kabisa. Sasa ikiisha nani atabonyeza icheze?"

"Wewe."

"Na mikono hii?"

"Kwa kiwiko, Kaka."

Mkaguzi alichungulia mara moja kabla ya kuufunga mlango wa nje. Mtu yule alikuwa amevuta kiti cha mama yake kwa mguu mpaka mbele ya kitanda, akaketi, mikono yake miwili myeupe juu ya magoti, akimsubiri ageuke.